Kaka Yangu Halvor, Maiti wa Sinema

Kaka yangu Halvor Lunde alikufa mara nyingi kabla ya kufa. Alichomwa visu, alitiliwa sumu kwenye kahawa, alisukumwa kutoka ghorofani, na mara moja alikutwa ndani ya saa kubwa ya ukumbini, amesimama wima, macho yamemtoka. Jioni alirudi nyumbani, akanawa unga usoni, akala viazi na samaki kama sisi wengine. Sasa amekufa kifo kile ambacho hakirudiwi, na mimi dada yake, Borghild, nimeombwa na wenzangu wa usharika niandike habari za maisha yake. Namshukuru Mungu kwa kunipa kaka huyo. Nikianza na shukrani nitaweza kuandika. Nikianza na kilio, karatasi italowa.

Tulitoka Iowa mwaka ule shamba lilipotushinda: mama yetu Ragna, Halvor na mimi. Baba yetu Anders alikuwa ametangulia zamani, kwenye homa ile kubwa iliyokuja vita vya kwanza vilipokuwa vinakwisha. Walimzika upesi, jeneza limeshapigiliwa misumari kwa amri ya daktari, na mama hakuruhusiwa hata kumtazama usoni. Jambo hilo hakulisema sana, lakini alilibeba kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji kichwani: mwendo wake wote uliifuata ile ndoo.

Hapa Los Angeles Halvor alipata useremala katika kampuni moja ya picha za sinema. Alijenga vyumba vyenye kuta tatu na ngazi zinazopanda zisifike popote. Mama aliikubali kazi hiyo kwa shingo upande. Kwetu tulilelewa kwamba karata, dansi na michezo ya jukwaani ni milango mitatu ya nyumba moja, na mwenye nyumba anajulikana. Sinema ilipokuja, wazee wa kanisa waliihesabu kuwa dirisha la nyumba hiyo hiyo.

"Useremala ni kazi ya heshima," mama alimwambia. "Hata Bwana wetu aliifanya. Wajengee vyumba vyao, mwanangu, lakini usikae humo."

"Sikai, mama," Halvor alijibu. Na kweli hakukaa. Alilala.

Ilitokea hivi. Walikuwa wanapiga picha ya vichekesho vya upelelezi, zile ambazo watu wa siku zile walizipenda kama peremende: jumba la tajiri, mvua, maiti kwenye zulia, polisi wasioona lililo mbele ya pua zao, na mtu wa kawaida tu, msusi au muuza maua, anayejitia upelelezi na kumkamata muuaji huku akiteleza ngazini. Mtu aliyeajiriwa kuwa maiti asubuhi ile alikuwa na mafua. Kila alipokufa alipiga chafya. Mwongozaji wa picha, Bwana Verebes, Mhungaria mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, alivua kofia yake akaikanyaga. Kisha akainua macho na kumwona kaka yangu juu ya ngazi na nyundo mkononi: mrefu, mwembamba, mweupe kama mshumaa, uso wa huzuni kama farasi aliyenyeshewa.

"Wewe!" akapiga kelele. "Shuka ufe!"

Halvor akashuka, akafa. Alikufa vizuri hata Bwana Verebes akamzunguka mara mbili, akainama, akamwuliza kwa sauti ya chini kama yu mzima. Tangu siku hiyo, palipohitajika maiti, nyundo iliwekwa kando.

Nilimwuliza amejifunza wapi kulala vile bila kupepesa jicho. Alisema, "Kanisani, Borgi. Mtu aliyekaa kimya kwenye mahubiri ya Mchungaji Nygaard, mwezi wa Januari, bila jiko, hashindwi na zulia." Mchungaji Nygaard amekwisha kulala katika Bwana, natumaini ananisamehe kuliandika hilo. Halvor pia alikuwa na falsafa yake ya kazi. Alisema, "Mchekeshaji akiwa mbovu, picha inaweza kupona. Maiti akiwa mbovu, picha imekufa."

Haya yote niliyajua mimi peke yangu. Mama hakuambiwa. "Nimwambie nini?" Halvor alisema. "Kwamba mwanawe anaamka asubuhi, anakunywa kahawa, anaenda kufa?"

Labda ingebaki hivyo, kama si macho ya mama. Yalianza kufunga kama mapazia yanayovutwa kutoka pande mbili. Daktari alisema hakuna dawa, na kwamba kufika Krismasi mapazia yatakuwa yamekutana. Mama alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alipotafuta kikombe mezani aligeuza kichwa huku na huku kama kuku, na akikipata alisema, "Haya, nimekukamata."

Halvor alibadilika tangu siku ile ya daktari. Jioni moja, mama akiwa amelala, aliniambia jikoni, "Baba, mama alimwona akilima. Mpaka leo anasimulia mgongo wake ulivyokuwa. Mimi atanikumbuka vipi? Mtu anayeingia mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi?"

"Unataka nini?"

"Aione kazi yangu. Mara moja tu, kabla macho hayajafunga."

"Kaka, mama hapiti hata upande ule wa barabara wenye nyumba ya sinema."

"Najua."

"Na wewe humo ni maiti."

"Najua, Borgi. Ndiyo kazi niliyopewa."

Basi siri ikatoboka kwenye mandari ya watu wa Iowa. Kila Februari watu wa Iowa waliohamia huku hukutana bustanini, na kila wilaya ina meza yake yenye kibao, ili mtu awapate watu wake kwa harufu ya kahawa. Mama alikuwa amepika mikate yake myembamba ya viazi. Mezani kwetu alikuwapo mgeni, Bibi Thora Quamme, mke wa mzee wa kanisa la kwetu, aliyekuja kwa treni kumtembelea binti yake. Bibi Thora ndiye yule ambaye zamani alimsimamisha msichana mbele ya usharika akatubu kwa sababu ya dansi. Alikuwa ameshika sahani ya maharage, anaeleza jinsi ulimwengu ulivyoharibika, Halvor alipotokea na birika la kahawa.

Sahani ikaanguka. Bibi Thora akapiga ukelele hata meza za wilaya za jirani zikageuka.

"Huyu amekufa!"

"Nani amekufa?" mama akauliza, akigeuza kichwa kutafuta.

"Halvor wako, Ragna! Nimemwona kwa macho yangu haya! Amelala kwenye zulia, kisu mgongoni!"

"Shikamoo, Bibi Thora," Halvor akasema, birika limemganda mkononi.

"Ulimwona wapi?" mama akauliza.

Bibi Thora akafungua kinywa. Kisha akakumbuka, akakifunga.

"Wapi, Thora?" mama akarudia, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Pale mjini... mvua ilikuwa inanyesha... niliingia tu kujikinga."

"Ama kweli mvua ilikuwa kubwa," akasema mzee mmoja upande wa pili wa meza, "mpaka maiti akapatikana."

"Na muuaji alikuwa nani?" akachokoza mwingine.

"Mtunza bustani," Bibi Thora akajibu kabla hajajizuia.

Kicheko kama kile kilichofuata sijakisikia tena kwenye mandari yoyote. Lakini mama hakucheka. Alikunja mikate yake kwenye kitambaa, akasema anataka kwenda nyumbani.

Kwenye tramu alikaa kati yetu, mikono juu ya kikapu. Tulipita vituo vingi. Halvor alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishowe mama akasema, bila kugeuka:

"Halvor."

"Naam, mama."

"Ulikufa vizuri?"

Kaka yangu aliinua macho kutoka kwenye viatu. "Wanasema hivyo, mama."

"Baba yako naye hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu," mama akasema.

Halvor alidhani mlango umefunguka. Alipika kahawa, akaketi mbele yake, akamweleza yote. Kulikuwa na picha mpya waliyoimaliza majuzi. Mpelelezi wake ni fundi wa piano, ambaye hana cheti wala bastola, ana masikio tu, na aliigizwa na mchekeshaji Chester Blaylock, mtu mnene mwenye miguu myepesi. Katika picha hiyo fundi anamkuta maiti kwenye zulia karibu na piano. Badala ya kuita polisi, anatoa kile chuma chake cha kupimia sauti, chenye meno mawili kama uma, anakigonga, anamwekea maiti kwenye paji la uso, kisha kifuani, kisha gotini, anasikiliza na kutikisa kichwa: marehemu hayuko kwenye sauti yake.

"Sasa mama," Halvor akasema, "pale gotini nilicheka."

"Ulicheka ukiwa umekufa?"

"Mdomo haukucheka. Tumbo. Lilitikisika chini ya kizibao. Haijapata kunitokea. Na hakuna aliyeona, maana kila mtu alikuwa anajiuma midomo asicheke yeye. Chumba kikabomolewa. Nilikibomoa mwenyewe, pa kurudia kupiga hapana tena. Ndipo mkata filamu alipoliona kosa, akanionea huruma, akaniita."

Nami naeleza hapa alichoambiwa. Kampuni zina desturi ya kuichukua picha isiyokamilika hadi mji wa jirani, bila tangazo, na kuionyesha jioni baada ya picha iliyotangazwa, huku wakubwa wamejibanza viti vya nyuma wakisikiliza watu wanacheka wapi na wanakohoa wapi. Baada ya hapo mkasi unaanza. Picha ya fundi wa piano ingepelekwa Pasadena Ijumaa, na kipande cha Halvor kingekatwa Jumatatu, mahali pake paingie uso wa mtu mwingine. Picha nyingine alimokufa zilikuwa zimeshapita na kuondoka mjini. Na mapazia ya mama yalikuwa yanaendelea kuvutwa. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa au basi.

"Njoo unione, mama. Mara moja tu."

Mama alizungusha kikombe chake. "Mwanangu, si kwa sababu ya wazee wa kanisa. Wazee wa kanisa wameshajikinga mvua." Akakiweka kikombe chini. "Baba yako sikumwona amelala. Mungu alinificha, nikakubali. Sasa haya macho yaliyobaki, membamba kama tundu la sindano, unataka niyatumie kukuona wewe umelala? Hapana. Niombe kitu kingine."

Halvor akasema, "Sawa, mama." Akatoka nje akaanza kutia mafuta bawaba za geti, bawaba ambazo alikuwa amezitia mafuta jana yake.

Ijumaa ilipofika hakuna aliyeitaja. Halvor alirudi kutoka kazini mapema, akanyoa ndevu, akakaa barazani na kofia magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mimi nilikuwa namenya viazi. Mama akatoka chumbani. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi la msibani, viatu vyeusi, na mkononi ameshika kitabu cha nyimbo.

"Mama, kuna msiba?" nikauliza.

"Upo."

"Wa nani?"

"Wa Halvor."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Kwetu maiti halali peke yake. Hukaa naye mtu wa kwao. Huyu mtoto amekufa mara ngapi sasa, na hakuna wa kwao aliyekaa naye hata mara moja? Watu watasema hana mama. Nimemwomba Mungu tangu juzi anionyeshe njia ya kutokwenda, na hajanionyesha. Niletee kofia."

Basi tulikwenda Pasadena, mama amevaa kama mfiwa. Mkata tiketi mlangoni alimtazama juu mpaka chini, akavua kofia. "Pole, mama," akasema.

"Asante," mama akajibu. "Bado hatujamwona."

Picha ya kwanza, ile iliyotangazwa, ilikuwa ya mapenzi. Mama aliifungia macho kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Si wa kwangu hao," alisema nilipomgusa. Nilijua alikuwa anayatunza macho, kama mtu anayebana mafuta ya taa. Kisha taa hazikuwaka, pazia halikufungwa, na picha nyingine ikaanza bila kutangazwa. Halvor akamwinamia.

"Ndiyo hii, mama."

Mvua. Jumba. Fundi wa piano anagonga mlango, anateleza, anaangukia ndani ya sanduku la miavuli. Ukumbi ukaanza kucheka mapema. Kisha mlango wa maktaba ukafunguliwa.

"Yuko wapi?" mama akanong'ona. Alikuwa amesogea mbele ya kiti, anageuza kichwa huku na huku.

"Katikati, mama. Chini. Kwenye zulia."

"Nimempata."

Na alipompata hakumwachia tena. Bwana Blaylock aliingia na miguu yake myepesi, akaona maiti, akamwamkia, akaomba radhi kwa kumwamsha. Ukumbi wote ulikuwa unamfuata yeye. Mama hakumfuata. Asingeweza hata kama angetaka, maana nafasi yake ya kuona ilikuwa kama sahani, na sahani hiyo ilikuwa imekaa juu ya kifua cha mwanawe. Alikitazama vile alivyotutazama zamani Iowa tulipokuwa wachanga na kifua kimebana, theluji imefika madirishani, naye ameketi kando ya kitanda akiangalia kama blanketi linapanda na kushuka. Mkono wake ulikuwa umeshika kitabu cha nyimbo, na midomo ilikuwa inakwenda. Nilisali pamoja naye, ingawa sikujua tunaomba nini.

Bwana Blaylock akagonga chuma chake. Paji la uso. Akasikiliza. Kifuani. Akasikiliza.

Kitabu cha nyimbo kikaanguka. Mama alikuwa amesimama.

"Anapumua!" akapiga kelele. "Halvor! Mtoto anapumua!"

Watu wakageuka. Walimwona bibi kizee aliyevaa nyeusi toka kofia hadi viatu, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye picha. Kisha mwanamume mmoja mbele yetu akasema, "Jamani kweli! Tazameni tumbo!"

Ukumbi mzima ukatazama tumbo, na wakati ule ule chuma kikagusa goti. Loo! Lile tumbo lilicheza chini ya kizibao kama paka ndani ya gunia, na juu yake ule uso wa kaka yangu umetulia, wa huzuni, umekufa kabisa. Watu waliangua kicheko. Mwanamke mmoja alikuwa anapiga kiti cha mbele yake na mkoba. Walicheka mpaka onyesho lililofuata, ambamo ndimo dalili ya kwanza ya muuaji ilikuwa inatajwa, na hakuna aliyeisikia.

Na mama alikuwa anacheka. Nilikuwa sijaona kicheko hicho tangu shamba liende. Mama alicheka bila sauti, mdomo umefungwa, uso umetulia, na tumbo linatikisika chini ya lile gauni la msiba. Ndipo nilipojua tumbo la Halvor lilitoka wapi. Alikaa, akampapasa mwanawe gizani mpaka akampata uso, akakuta umelowa.

"Kumbe huu si msiba," akamwambia. "Ungeniambia, ningevaa ile kofia ya bluu."

Tulipotoka, Bwana Verebes alikuwa amesimama ukumbi wa mbele, sigara haijawashwa mdomoni. Alimtazama Halvor, akamtazama mama.

"Wewe ndiye uliyepiga kelele?"

"Ndimi," mama akajibu. "Na wewe ndiye unayeua watoto wa watu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Bwana Verebes akaitoa sigara. "Ndimi, mama."

"Unawarudisha wote nyumbani jioni?"

"Mpaka sasa, ndiyo."

"Basi Mungu akubariki."

"Mwanao ameniharibia onyesho," akasema. "Maiti hacheki. Jumatatu tunamkata."

"Mimi sijui kazi zenu," mama akasema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza, na kwa macho haya ndiyo ya mwisho. Lakini nilikuja kukaa na mwanangu aliyekufa, nikamkuta mzima. Mkikata hapo, atakayekuja kesho atamkuta amekufa tu. Mtakuwa mmempunguzia."

Bwana Verebes alisimama akizungusha sigara. Nyuma yake watu walikuwa bado wanatoka wakifuta machozi, na mmoja alikuwa anamwekea mkewe ufunguo gotini na kusikiliza. Mwongozaji akavua kofia, na mara hii hakuikanyaga.

Hawakukata. Walikata busu la mwisho, na mhusika mzima, shangazi mmoja aliyekuwa na maneno mengi, lakini tumbo la kaka yangu lilibaki, likazunguka nchi nzima. Bibi Thora, nasikia, alijikinga mvua nyingine kwenda kuliona.

Nisiseme kwamba haikuwa na gharama. Picha ilipotoka, Halvor hakufa tena. Kila alipolazwa kwenye zulia, waliokuwapo waliangalia tumbo lake na kuanza kucheka kabla hata kamera haijawashwa. Waongozaji wakatafuta maiti wasiojulikana. Alirudi kwenye nyundo na ngazi zake zisizofika popote, na alifanya kazi hiyo mpaka kustaafu. Nilimwuliza kama inamuuma. Akasema, "Hapana. Nimekufa vya kutosha, na aliyetakiwa kuona ameona."

Mapazia ya mama yalikutana kabla ya Krismasi, kama daktari alivyosema. Hakulalamika. Alisema Mungu amemwachia picha mbili za kutazama gizani: mgongo wa baba ukienda na plau, na tumbo la Halvor. Jioni nyingine, akiwa na huzuni, alikuwa akisema, "Halvor, hebu lala hapo." Kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi, alilala kwenye zulia la sebuleni. Mama akainama kwenye kiti chake, akamwekea kiganja tumboni, akaamuru, "Cheka." Na Halvor hakuhitaji hila yoyote nyingine ya kumchekesha, ule mkono tu ulitosha. Mama alikufa mwaka wa mwisho wa vita vya pili, usingizini, nasi wawili tukiwa karibu naye. Halvor alikaa naye. Jeneza lilikuwa wazi. Kila mtu alimwona uso.

Halvor mwenyewe moyo wake ulisimama mwezi uliopita, hapa hapa kanisani, akirekebisha mlango wa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada. Mzee aliyemkuta alisema alidhani anatania. Hilo namsamehe, maana hata mimi nilipofika nilidhani hivyo kwa muda.

Nilikaa naye kama mama alivyotufundisha. Walikuwa wamemvalisha suti na kizibao, uso wake ukiwa ule ule wa farasi aliyenyeshewa. Nilijaribu kuimba, nikashindwa. Nilikuwa naangalia kifungo cha katikati cha kizibao. Niliangalia zaidi ya inavyompasa Mkristo mwenye tumaini.

Ndipo alipoingia mzee mmoja mwenye fimbo, amekonda, ngozi imemlegea shingoni. Sikumjua mpaka alipotembea, maana miguu ilikuwa bado myepesi. Alikuwa Bwana Blaylock. Alisimama kando ya jeneza muda mrefu. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kile chuma chenye meno mawili. Nikaona anataka kukigonga kwenye fimbo yake.

Akakishusha.

"Siwezi, dada," akaniambia. "Nikigonga asipocheka, nitafanya nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu kitu cha faraja, kitu cha kitabu cha nyimbo. Hakikutoka. Badala yake nilihisi kitu kinaanza chini ya mbavu, kimya, bila sauti, mdomo umefungwa. Bwana Blaylock alinitazama, akaliona. Nililishika kwa mikono miwili lakini halikushikika. Ilikuwa ni lile tumbo. Mama aliniachia na mimi, na kwa miaka yote hiyo sikujua.

"Aa," akasema yule mzee, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai. "Yupo."

Akakirudisha chuma mfukoni, akaketi kando yangu, tukakaa naye wote wawili mpaka kengele ya ibada ilipolia.